Kivuli Kilichopita Juu ya Tanganyika

Kibenga ni mtaa wa chini. Mashariki mwake vilima vya Mumirwa vinapanda kuelekea mgongo wa nchi. Magharibi liko Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake milima ya Uvira. Katikati ni ukanda mwembamba wa tambarare ambao Bujumbura nzima imejibana humo. Ziwa lilipopanda katika miaka ya karibuni, hasa 2021 na tena 2024, mitaa ya ufukweni kama Kibenga ilishuhudia maji yakiingia uani, kisha sebuleni, na wenye nyumba za kuelekea ziwani wakaanza kutafuta pa kupanga upande wa milimani.

Lawama zilikuwa nyingi. Wengine waliilaumu mvua, wengine mabadiliko ya tabianchi, wengine Mto Lukuga kule Kalemie, ambao ndio njia pekee ya maji kutoka ziwani, na wengine wakawasema waliojenga karibu mno na maji. Kila lawama ina ukweli wake. Ila mshitakiwa mkuu hakutajwa na mtu, labda kwa sababu hana anwani ya kupelekewa hati: uvutano. Ndio unaoshusha mito kutoka vilimani hadi Kibenga, ndio unaoizungusha dunia kwenye jua, na ndio huohuo unaozuia hata nuru isitoke ndani ya mashimo meusi huko angani. Tumezoea kudhani kwamba mambo haya ya mwisho ni habari za watu wa mbali. Sivyo. Historia ya uvutano imepita katika ukanda wetu mara kadhaa, na mara moja ilipita juu ya ziwa hili hili.

Swali la kwanza la kisayansi ambalo Wazungu waliuliza upande huu wa ziwa lilikuwa la uvutano, ingawa hawakuliita hivyo: Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Kama unatoka, huenda ndio chanzo cha Nile. Richard Burton na John Speke walifika Uvira mwaka 1858 na wenyeji wakawaambia wazi kwamba mto unaingia. Miaka 13 baadaye, Novemba 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley wakasafiri kwa mtumbwi kutoka Ujiji hadi mdomoni mwa Rusizi kuthibitisha jambo ambalo kila mvuvi alilijua. Mto unaingia. Jiwe la Mugere, kilomita chache kusini mwa Kibenga, limeandikwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Majina ya wavuvi hayamo.

Lakini swali lenyewe lilikuwa zuri, kwa sababu Burundi ni nchi ambayo uvutano umeigawa mara mbili. Ukipanda barabara ya Bujumbura kwenda Gitega, unafika kwenye mgongo wa milima maeneo ya Bugarama, penye baridi na ukungu. Tone la mvua likianguka upande wa mashariki wa mgongo huo, litaingia Ruvubu, kisha Kagera, kisha Ziwa Viktoria, kisha Nile, na mwisho wake ni Bahari ya Kati. Tone pacha likianguka upande wa magharibi, litashuka Tanganyika, litoke kwa Lukuga, liingie Mto Kongo na kuishia Atlantiki. Hatua chache tu mlimani, na matone mawili ya wingu moja hayaonani tena.

Uushike mgongo huo akilini, tutauhitaji.

Mteremko usioonekana

Mwaka 1687 Isaac Newton alitoa kanuni yake: kila kitu chenye tungamo hukivuta kingine, na ukiongeza umbali kati yao mara mbili, nguvu ya mvutano hubaki robo. Kanuni hiyo ingali inatosha kujenga bwawa la umeme au kupeleka watu mwezini. Kilichokosekana ni maelezo. Jua linaivutaje dunia, na katikati hakuna kitu? Newton mwenyewe alikiri kwamba jambo hilo lilimkera, akaliacha lilivyo.

Novemba 1915, Berlin, Albert Einstein aliligeuza swali. Alisema tungamo hupinda nafasi na wakati vinavyolizunguka, na vitu hufuata mpindo huo. Rudi Bugarama. Tone la mvua halivutwi na Bahari ya Atlantiki iliyo mbali kiasi hicho. Halina hata habari nayo. Linafuata mteremko ulio chini yake pale pale lilipo, na mteremko ndio unaochagua bahari. Vivyo hivyo dunia haishikwi na jua kutoka mbali. Inafuata mteremko wa nafasi na wakati mahali ilipo, na ndiyo maana inazunguka.

Wengi wanaposikia neno mpindo hufikiria nafasi peke yake. Kwa vitu vinavyokwenda taratibu kama sisi, jambo kubwa ni wakati. Kadiri unavyokaribia kitu chenye tungamo kubwa, ndivyo saa yako inavyokwenda polepole. Mlima Heha, ulio mrefu kuliko yote nchini Burundi, una mita 2,670 hivi juu ya usawa wa bahari. Kibenga iko kwenye mita 775 au zaidi kidogo. Piga hesabu kwa kanuni ya Einstein na utaona kwamba saa iliyoko Heha huitangulia ya Kibenga kwa kama sehemu 6 za milioni ya sekunde kila mwaka. Mkazi wa mlimani anazeeka haraka zaidi kuliko jamaa yake wa ufukweni. Tofauti hiyo haimnufaishi mtu, na kwa kodi za Kibenga sidhani kama inafidia chochote, lakini ipo na hupimika kwa saa za atomu.

Mahali pamoja inatugusa kila siku. Setilaiti zinazoiambia simu yako uko mtaa gani huzunguka zaidi ya kilomita 20,000 juu, ambako wakati huenda mbio kuliko huku chini. Ukijumlisha na athari ya mwendo wa setilaiti zenyewe, saa zake huitangulia dunia kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kwa siku. Waliozitengeneza walizirekebisha kwa kanuni za Einstein. Wasingefanya hivyo, ndani ya siku moja ramani ingekosea kwa kilomita kama 10, na anayetafuta Kibenga angejikuta majini au Kongo.

Alhamisi ya Mei 1919

Mwaka 1915 hakukuwa na saa za atomu wala setilaiti. Einstein alihitaji ushahidi wa aina nyingine, akaupendekeza mwenyewe: kama jua hupinda nafasi, basi nuru ya nyota inayopita ukingoni mwa jua lazima ipinde, na nyota ionekane imesogea kidogo kutoka mahali pake. Gawanya digrii moja kwa 3,600. Kila kipande kinaitwa sekunde ya tao. Einstein alisema nyota itasogea sekunde 1.75. Ukitumia fikra za Newton, unapata nusu ya hiyo, 0.87. Nani yuko sahihi? Tazama na upime. Shida ni kwamba huwezi kuona nyota kando ya jua mchana, isipokuwa jua likipatwa lote.

Mwaka 1917, vita kuu ikiendelea, mnajimu mkuu wa Uingereza Frank Dyson alionyesha kwamba kupatwa kwa jua kwa tarehe 29 Mei 1919 ni bahati isiyo na mfano. Siku hiyo jua lingekuwa mbele ya kundi la nyota angavu katika buruji ya Thaura, na kiza kingedumu karibu dakika 7 mahali penye muda mrefu zaidi. Kivuli kingeanzia Amerika ya Kusini, kivuke Atlantiki, kiingie Afrika na kuikata hadi Ziwa Tanganyika na kwingine mbele kuelekea mashariki.

Ndiyo, ziwa letu. Ripoti rasmi ya safari hizo, iliyochapishwa London mwaka 1920 na Dyson, Arthur Eddington na Charles Davidson, inaeleza njia ya kivuli kutoka kaskazini mwa Brazil kupitia kisiwa cha Principe hadi ufuko wa magharibi wa Tanganyika. Kituo karibu na ziwa kilifikiriwa pia. Mwishowe wakachagua viwili: Sobral nchini Brazil, walikokwenda Davidson na Andrew Crommelin, na Principe kwenye Ghuba ya Guinea, alikokwenda Eddington pamoja na Edwin Cottingham.

Ukiijua hali ya ziwa wakati ule, huwezi kuwalaumu. Tanganyika ilikuwa ndiyo kwanza inatoka vitani. Julai 1916 Wajerumani walikuwa wameizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen karibu na Kigoma wasiiachie maadui. Ndiyo meli ambayo baadaye iliibuliwa na kupewa jina la Liemba. Wabelgiji walikuwa wameiteka Usumbura, Bujumbura ya leo, mwezi Juni mwaka huohuo. Kuleta lenzi, vioo na sahani za picha za kioo hadi katikati ya bara, kwa bahari, reli na wapagazi, kwa ajili ya dakika chache za giza jua likiwa limekwisha kuelemea magharibi, hilo ni jambo ambalo hata mimi nisingelilipia.

Basi ilipofika Alhamisi ile, alasiri, giza likapita juu ya kusini mwa ziwa bila mtu wa kulipima. Huku Usumbura jua lilimegwa sehemu kubwa lakini halikufunikwa lote. Kesho yake, tarehe 30 Mei 1919, Alfred Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji walitia saini makubaliano ya kugawana Afrika Mashariki ya Wajerumani, Ruanda na Urundi zikaenda Ubelgiji. Saa 24 zilitenganisha matukio hayo mawili. Moja lilibadili namna wanadamu wanavyouelewa ulimwengu, na jingine likaamua lugha ambayo watoto wa Bujumbura wangesomea fizikia.

Kule Principe Eddington alipata asubuhi ya mvua na mawingu. Alipiga picha 16, nyingi zikaonyesha mawingu tu. Chache zilizofaa zikampa sekunde 1.61. Sobral kulikuwa kweupe, na darubini ndogo ya akiba ikatoa 1.98, baada ya ile kubwa kuharibiwa ulengaji wake na joto. Matokeo yalitangazwa London tarehe 6 Novemba 1919 na Einstein akaamka maarufu. Baadaye walitokea waliosema Eddington alikuwa na haraka ya kumshindisha Einstein. Vipimo vya kupatwa kwa jua vilivyofuata, na vya redio baada ya hapo, vilizidi kuwa makini na mwishowe vikaangukia palepale: 1.75.

Mgongo usiorudika

Miezi michache tu baada ya Einstein kutoa kanuni zake, Karl Schwarzschild, Mjerumani aliyekuwa jeshini upande wa vita dhidi ya Urusi, alizitatua kwa kitu cha duara. Katika jibu lake kulikuwa na jambo la ajabu: ukikandamiza tungamo ndani ya kipimo fulani, mteremko unakuwa mkali kiasi kwamba hata nuru haipandi tena. Kwa jua letu kipimo hicho ni nusu kipenyo cha kilomita 3. Jua zima lingeingia ndani ya jiji la Bujumbura na nafasi ikabaki. Kwa dunia ni milimita 9.

Kwa mtu wa Burundi mpaka huo haupaswi kuwa mgumu kuufikiria. Ni mgongo wa Bugarama, isipokuwa huu hauna ukuta wala alama, na ukishauvuka, kila njia iliyobaki inashuka. Tone lililokwenda upande wa Kongo linaweza angalau kugeuka mvuke na kurudi na wingu. Aliyeuvuka mpaka wa shimo jeusi hana wingu la kumrudisha.

Hapa niondoe kosa moja linalorudiwa sana redioni: shimo jeusi halifyonzi ulimwengu. Kama jua lingegeuka shimo jeusi leo bila kubadilisha tungamo lake, dunia ingeendelea kuzunguka palepale kwa siku 365. Tungekufa, ndiyo, lakini kwa baridi na giza. Hatari iko kwa anayekaribia mno.

Kwa muda mrefu wanasayansi wenyewe hawakuamini kwamba vitu hivyo vipo. Mwaka 1930 kijana wa Kihindi, Subrahmanyan Chandrasekhar, akiwa melini kuelekea Uingereza, alipiga hesabu na kuona kwamba nyota iliyokufa ikizidi uzito fulani, ambao leo huhesabiwa kuwa mara 1.4 ya jua, haiwezi kujizuia isiporomoke. Aliyempinga hadharani, kwa dhihaka, mwaka 1935, hakuwa mwingine ila Eddington, shujaa wa Principe. Mtu aliyekuwa tayari kuvuka bahari kuutetea mpindo wa nuru alikataa kuufuata hadi mwisho wake. Chandrasekhar alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1983, mzee wa miaka 73.

Uhuru

Ushahidi wa kwanza wenye nguvu kwamba mashimo meusi yapo ulipitia pwani ya Waswahili.

Gesi inayoporomoka kuelekea shimo jeusi hupata joto la mamilioni ya digrii na kutoa miale ya eksirei. Hewa ya dunia huizuia miale hiyo, bahati njema kwetu. Anayeitafuta lazima apande juu ya hewa. Katika miaka ya 1960 Waitaliano, wakiongozwa na profesa Luigi Broglio, walisimamisha majukwaa ya chuma baharini karibu na kijiji cha wavuvi cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Moja waliliita San Marco, jingine Santa Rita. Walipachagua kwa sababu ya ikweta. Pale dunia huzunguka kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, kwa hiyo roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo wa bure. Tena setilaiti inayokwenda sambamba na ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mionzi ambayo ingevuruga vipimo vyake.

Tarehe 12 Disemba 1970, Wakenya wakiadhimisha miaka 7 ya uhuru wao, roketi ya Marekani aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco ikiwa na setilaiti ya kilo 140 hivi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani tu. Marjorie Townsend, mwanamke aliyesimamia mradi huo, aliipa jina la siku hiyo: Uhuru. Kiongozi wa kisayansi alikuwa Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia, aliyekuja kupata Nobel mwaka 2002 kwa kazi hiyo na nyingine za aina yake.

Obiti ya Uhuru iliinama digrii 3 tu kutoka ikweta. Bujumbura iko digrii 3 na ushei kusini. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka miwili, kila baada ya saa moja na nusu au zaidi kidogo, setilaiti yenye jina la Kiswahili ilikuwa ikipita karibu na utosi wa Burundi, ikitafuta mashimo meusi. Sijawahi kukutana na kitabu cha shule cha ukanda huu kinacholitaja jambo hilo hata kwa sentensi moja, na kwangu hilo ni aibu ya wachapishaji.

Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Kimoja, Cygnus X-1, kilikuwa kikimetameta kwa vipande vya sekunde, na kitu kinachobadilika upesi hivyo hakiwezi kuwa kikubwa. Darubini za redio zikapaonyesha mahali pake, penye nyota kubwa ya samawati. Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Toronto, wakaona kwamba nyota hiyo inayumba kila baada ya siku 5.6, ikizungukana na mwenzake asiyeonekana, mzito mno kuwa nyota iliyokufa ya kawaida. Vipimo vya mwaka 2021 vinampa tungamo la majua 21, umbali wa miaka ya nuru 7,200. Stephen Hawking aliweka dau na Kip Thorne kwamba hilo si shimo jeusi. Akakubali kushindwa mwaka 1990 na kumlipia mwenzake usajili wa jarida ambalo mhariri wangu hataniruhusu kulitaja.

Haikuwa mara moja. Oktoba 1974 setilaiti ya Uingereza, Ariel 5, iliruka kutoka jukwaa lilelile la Ngomeni, na mwaka uliofuata ikanasa mlipuko wa eksirei ambao baadaye uligundulika kuwa ni wa shimo jeusi jingine. Roketi ya mwisho iliondoka pale mwaka 1988.

Tangu hapo mambo yamekwenda mbio. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo ya LIGO nchini Marekani ilihisi mtikisiko wa nafasi yenyewe uliotokana na mashimo meusi mawili yaliyogongana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Aprili 2019 ikatoka picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi, lile la galaksi ya M87. Mei 2022 ikafuata picha ya lile la kwetu, katikati ya Njia Nyeupe, lenye tungamo la majua milioni 4 na zaidi.

Kwa hili la kwetu sisi tuna bahati bila kujua. Huko Ulaya ya kaskazini sehemu hiyo ya anga hulala chini kwenye upeo, imefichwa na majengo. Bujumbura huipata juu. Mwanzoni mwa Julai, kiangazi kikiwa kimekomaa na anga limetakata, simama Kibenga saa tano usiku, ziwa likiwa kuliani, uso kuelekea Rumonge. Tazama juu, zaidi ya nusu ya njia kuelekea utosini, penye ukungu mzito wa nyota kati ya Nge na Mshale. Pale ndipo. Shimo lenyewe halionekani kwa macho, na mwanga unaotufikia kutoka eneo hilo uliondoka miaka 26,000 hivi iliyopita. Umeme ukikatika, usilalamike upesi. Ila kaa mbali na maji: viboko hutoka usiku, nao hawana muda na unajimu.

Padre wa Louvain

Katika mwaka wa masomo 1923–24 Eddington alikuwa na mwanafunzi kutoka Ubelgiji huko Cambridge, padre kijana aliyepigana vita kuu kama mwanajeshi wa mizinga. Aliitwa Georges Lemaître, mzaliwa wa Charleroi. Mwaka 1927, akiwa profesa Louvain, alichapisha kwa Kifaransa, katika jarida la Brussels lililosomwa na wachache, hoja kwamba kanuni za Einstein haziruhusu ulimwengu utulie: unatanuka, na galaksi zilizo mbali zinatukimbia kwa kasi zaidi. Edwin Hubble alionyesha jambo hilo kwa vipimo mwaka 1929 na sifa zikamwendea yeye. Chama cha kimataifa cha wanaastronomia kililiongeza jina la Lemaître kwenye kanuni hiyo mwaka 2018. Mwaka 1931 Lemaître akarudisha hesabu nyuma: kama ulimwengu unatanuka, kulikuwa na siku vyote vilipokuwa pamoja. Akapaita hapo mwanzo atomu ya kwanza. Leo umri wa ulimwengu unakadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8.

Wakati padre huyo akiandika hayo, Urundi ilikuwa chini ya nchi yake, na mapadre wa Kikatoliki walikuwa wakifungua shule katika vilima vyetu. Fikra yake, hata hivyo, haikuja na masanduku yao.

Kuna jambo la Lemaître ambalo wasomaji wa Burundi, nchi ya waumini, wangelipenda. Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 alitoa hotuba akiielekeza sayansi mpya ya mwanzo wa ulimwengu kwenye habari za uumbaji. Lemaître, padre mwaminifu, hakufurahi. Kwake fizikia ingeweza kubadilika kesho, na imani haipaswi kusimama juu ya hesabu inayosubiri kusahihishwa. Wala hesabu haipaswi kupewa ulinzi wa madhabahu. Nimesikia watu wakigombana Bujumbura kama mtu anaweza kusali na wakati huohuo akaukubali mlipuko mkuu. Aliyeutunga aliadhimisha misa. Juni 1966, siku chache kabla ya kufa, aliletewa habari kwamba Wamarekani Arno Penzias na Robert Wilson wameunasa mwangwi hafifu wa joto la mwanzo huo, nyuzi chini ya 3 juu ya baridi ya mwisho kabisa.

Namba ya Paris

Nimalizie darasani. Mwanafunzi wa Burundi hufundishwa kwamba kitu kikianguka huongeza mwendo kwa mita 9.81 kwa sekunde, kila sekunde. Namba hiyo ni sahihi, Paris. Dunia imevimba kidogo ikweta na inazunguka, hivyo uvutano wa huku ni mdogo. Ongeza mwinuko wa ziwa na utapata Kibenga karibu 9.78. Mwaka 1672 Jean Richer alipeleka saa ya pendula kutoka Paris hadi Cayenne, karibu na ikweta, akaikuta inachelewa dakika mbili na nusu kwa siku. Ndivyo wanadamu walivyoanza kuhisi kwamba dunia si tufe kamili. Miaka ya 1933 na 1934 Mwingereza Edward Bullard alizunguka Afrika Mashariki na pendula zake akipima uvutano wa Bonde la Ufa, na akaukuta kwenye maziwa ya bonde uko chini ya uliotarajiwa. Wote wawili walitoka mbali kuja kupima kilicho chini ya miguu ya wengine.

Kipimo hicho hakihitaji roketi wala fedha za wafadhili. Kinahitaji uzi mrefu uliopimwa kwa uangalifu hadi milimita, jiwe, simu yenye saa, na mwalimu atakayewaacha wanafunzi wahesabu mizunguko mia kadhaa bila kuwakatiza kwa kengele. Walimu wa fizikia wa Kibenga, Kinindo na Kanyosha, fanyeni hivyo muhula huu. Namba ikitoka karibu na 9.78, mwandikieni mwanafunzi alama zake zote, hata kama kitabu kinasema 9.81.